Siku Tisa Zilizofutwa

Kila alasiri, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walikimbilia uwanjani, naye Kasuku alielekea kwenye bomba lililokuwa nyuma ya shule. Aliweka ndoo ya lita ishirini, akafungua maji mpaka mwisho, akabonyeza saa ndogo ya sekunde aliyopewa na mama yake. Ndoo ilipojaa, aliandika namba moja tu kwenye daftari: sekunde zilizotumika. Kisha maji yale aliimwagilia miche ya bustani, yasipotee bure.

Jina la Kasuku alipewa na baba yake, kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakunyamaza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na baada ya kazi alisomea shahada ya uzamili ya takwimu chuo kikuu. Utafiti wake ulihusu mabomba matatu ya mtaani. Mawili aliyapima mwenyewe. La shuleni alimkabidhi binti yake, kwa kuwa saa hizo yeye alikuwa chuoni.

"Namba moja kila siku, hata Jumamosi na Jumapili, kwa siku tisini," Mama alimwambia. "Kupiga hesabu ni kazi yangu, lakini pale bombani wewe ndiye macho yangu."

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha yakaja mashindano ya kuruka kamba. Rafiki yake, aliyeitwa Kibonge ingawa alikuwa mwembamba kama ufito, alimvuta mkono.

"Twende bwana! Kwani maji ya leo yana tofauti gani na ya jana?"

Kasuku akaona ana hoja. Siku hiyo aliandika namba iliyotoka kichwani: 82. Kesho yake 85. Akazichanganya vizuri ili asishukiwe: 83, 86, 81, 84. Siku tisa zikapita hivyo, timu yao ikashinda, naye akarudi bombani kama kawaida.

Jumamosi moja, baada ya siku ya tisini, Mama alitandaza karatasi ya grafu mezani. Kila siku aliiwekea nukta moja. Kasuku alisimama kando akitazama. Nukta zilipanda, zikashuka, zikatawanyika kama mchele uliomwagika. Halafu, ghafla, nukta tisa zikalala pamoja, zimebanana. Baada yake zikatawanyika tena.

Mama akaweka kalamu chini. Hakupaza sauti.

"Kasuku, kuanzia tarehe sita hadi kumi na nne ulikuwa wapi?"

"Bombani, Mama."

"Mwanangu."

Machozi yakamlengalenga. "Nani amekwambia? Kibonge?"

"Hakuna aliyeniambia. Hizi hapa ndizo zilizosema." Mama akagusa zile nukta tisa. "Maji ya kweli hayatabiriki hivi. Leo watu wengi wamefungua mabomba, kesho pampu imepungua nguvu, basi sekunde zinaruka huku na huku. Anayetunga namba huogopa kuandika ya ajabu. Anang'ang'ania katikati."

Kasuku alihisi nywele zikimsisimka. Mama hakuwepo. Hakuona kamba wala uwanja. Ameketi mezani tu, na karatasi imemsimulia alasiri tisa nzima, kama daktari anavyosikia moyo wa mtu bila kumpasua kifua.

"Nisamehe, Mama. Sasa tutafanyaje?"

"Nimekusamehe. Lakini namba hizi nazifuta, na msimamizi wangu wa chuoni lazima ajue."

Msimamizi alitaka siku nyingine sitini zisizo na doa. Wenzake Mama walimaliza masomo, yeye akabaki nyuma. Baba alijaribu kumchekesha: "Haya basi, tutasherehekea mara mbili, yao kwanza na yako baadaye." Mama alitabasamu kidogo tu, na tabasamu lile lilimuuma Kasuku kuliko kofi.

Tangu siku hiyo alipima kwenye jua na kwenye mvua. Alasiri moja ndoo ilikataa kujaa. Saa ilionyesha sekunde 214.

"Andika mia," Kibonge alimshauri. "Mama yako atadhani ulisinzia."

Kasuku akaandika 214. Kesho yake akapata 220, na keshokutwa 219. Mama alipozilinganisha na namba za mabomba mengine mawili, ambazo hazikubadilika, alisimama ghafla. Akapitisha kidole kwenye ramani ya mabomba.

"Maji yanapotelea hapa. Kati ya zahanati na ukuta wa shule."

Mafundi wa idara walikuja na majembe. Juu, ardhi ilikuwa kavu kabisa, na mmoja wao alicheka waziwazi. Walipofika kina cha mkono mzima, shimo likajaa maji, na bomba lililopasuka likaonekana. Aliyecheka akavua kofia. Kasuku alibaki mdomo wazi: namba zake tatu zilikuwa zimeona chini ya ardhi.

Siku ya Mama kutetea utafiti wake, Kasuku na Baba walikaa nyuma ya ukumbi. Mtahini, mzee mwenye miwani minene, alifunua kurasa, akasita.

"Hapa kuna pengo la siku tisa. Kwa nini?"

"Namba za siku hizo zilitungwa," Mama alijibu. "Niliziondoa, na nimeeleza humo."

"Nani alizitunga?"

Kasuku akasimama. "Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba." Mzee akavua miwani. "Na hii 214?"

"Hiyo niliipima. Ni ya kweli."

Mzee akasema kwa upole: "Nimesoma kazi nyingi zisizo na pengo hata moja, nikazitilia shaka. Hii naiamini kwa sababu ya pengo lake. Sikiliza, binti yangu. Usipopima, acha mahali pawe wazi. Nafasi tupu inasema 'sijui', na hilo nalo ni jibu la kweli. Lakini namba moja ya uongo huzichafua za kweli zote zilizo jirani yake. Ndivyo lilivyo na neno la mtu."

Akavaa miwani yake, akachukua kalamu, akatia saini kwamba Mama amefaulu.