Sufuria ya Mikono Minne

Asubuhi nyumbani kwa Fundi Paa haikuwa na ukimya. Cherehani ya mkewe ilianza mapema, trrr, trrr. Bibi, mama mzazi wa Fundi, alikohoa na kuuliza nani amehamisha viatu vyake. Kisha binti yao akaanza kuzungumza. Huyo akianza, hamalizi. Ndiyo maana wote walimwita Chiriku.

Jiko lilitazamana na chumba cha kushonea, mlango kwa mlango. Sufuria ya maharage ilikaa jikoni tangu asubuhi, ikichemka polepole. Njia ya kwenda uani ilipita hapo hapo. Kila aliyekwenda uani alipita mbele ya sufuria. Likumbuke hilo, msomaji. Litatufaa baadaye.

Fundi Paa alikuwa hodari wa kuezeka nyumba. Wakati huo alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: paa la ukumbi mpya wa shule. Alitembea kifua mbele mtaani. Lakini siku moja, akiwa kwenye ngazi, kizunguzungu kilimshika. Wenzake walimshusha taratibu, wakampeleka zahanati. Muuguzi alimpima. Presha yake ilikuwa juu sana.

"Utameza dawa kila siku," muuguzi alimwambia. "Chumvi upunguze. Na kwenye paa hupandi mpaka presha ishuke."

Fundi alinywea. Fundi wa paa asiyepanda paa! Tangu siku hiyo alisimama chini, shingo juu, akipiga kelele.

"Bati limepinda! Peleka kulia! Kulia kwako, siyo kulia kwangu!"

Wenzake walichoka naye. Mabati yakaendelea kupanda bila yeye. Mwisho ikabaki kofia ya paa, yaani yale mabati ya juu kabisa yanayofunika mgongo wa paa. Yakiwekwa vibaya, mvua ya kwanza tu inaingia ndani. Fundi aliapa kwamba kofia ile ataiweka kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu mkuu alikubali kumngoja kidogo. Kidogo tu, kwa sababu mvua nayo ilikuwa njiani.

Basi siku ya kurudi zahanati ilipofika, Fundi na mkewe walikwenda wakiwa na matumaini makubwa. Muuguzi alimfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasoma. Akatikisa kichwa.

"Bado iko juu. Dawa unameza?"

"Nameza kila siku," alisema Fundi.

"Anameza," alisema mkewe. "Mimi ndiye ninayempa maji."

"Na chumvi je?"

"Chumvi nimepunguza mpaka maharage yamenuna!"

Muuguzi alicheka kidogo, kisha akawa makini. "Basi kuna jambo. Nendeni mkalitafute huko nyumbani. Kupanda paa, bado."

Njiani Fundi alitembea akitazama mapaa ya watu. Walipokaribia nyumbani akafungua mdomo, na afadhali asingeufungua.

"Mama Chiriku, labda unajisahau. Mkono wako ni mzito, unajua."

"Mkono wangu?" Mama Chiriku alisimama katikati ya njia. "Mkono wangu mimi?"

Alikuwa amekasirika hasa. Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yao, mwanamke aliyepika katika jiko la hospitali. Kazi yake ilikuwa kuwapikia wagonjwa, wakiwemo wenye presha na wenye sukari. Mtaani walimwita Mpishi.

"Dada, nisaidie," alisema Mama Chiriku. "Nimepunguza chumvi, lakini presha ya mume wangu haishuki. Na sasa mchawi ni mimi!"

Mpishi alichukua kijiko, akaenda naye jikoni, akaonja maharage. Macho yakamtoka.

"Umetia chumvi kiasi gani?"

"Nusu kijiko cha chai, sufuria nzima. Haki ya Mungu."

"Nakuamini," alisema Mpishi. "Lakini humu ndani kuna zaidi ya hiyo. Kesho sina zamu. Pika kama kawaida. Usimwambie mtu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko, na wote walikuwa nyumbani. Mpishi alikuja na gauni begani. "Limenibana," alitangaza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Nimenenepa! Naomba lipanuliwe."

Akaingia chumba cha kushonea. Humo ndani kulikuwa na kioo kirefu cha wateja. Kwa sababu ya jinsi kilivyosimama, kilionyesha mlango wa jikoni, jiko, na sufuria yote. Mama Chiriku aliketi kwenye cherehani. Mpishi alisimama mbele ya kioo, eti anajitazama.

"Umeshatia chumvi yako?" alinong'ona.

"Tayari. Nusu kijiko."

"Haya. Endelea kushona."

Trrr, trrr. Haukupita muda, Bibi akatokea kwenye kioo. Alitazama huku na huku kama mtu anayevuka barabara. Akatoa kifuko kidogo kwenye pindo la nguo yake, akachota chumvi kwa vidole vyote vitano, akaitia kwenye sufuria. Akakoroga mara moja, akaenda zake uani.

Mama Chiriku alishika mdomo. "Mama mkwe!"

"Shh! Shona!"

Trrr, trrr. Akaja Chiriku, akiimba. Alipasua pakiti ya kiungo cha dukani, kile cha kuongeza ladha ya mchuzi, akaimimina yote. Akapasua na ya pili. Akaondoka akiimba vile vile.

"Mwanangu naye!" Mama Chiriku alikuwa anatetemeka kwa kicheko na hasira pamoja. Alitaka kuinuka, lakini Mpishi alimshika bega.

"Ngoja. Kuna viatu vinakuja."

Viatu havikuja. Zilikuja nyayo tupu, zikinyata. Kwenye kioo akatokea Fundi Paa mwenyewe, viatu mkononi. Akafunua kopo la chumvi, akachukua, akatia. Akafikiri kidogo. Akatia tena.

Hapo Mama Chiriku hakuvumilia. Aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwizi! Nimekukamata! Mkono wangu mzito, eeh? Mkono wangu!"

Fundi aliangusha viatu. Bibi akaja mbio kutoka uani, Chiriku akaja akiuliza maswali matano kwa mkupuo. Jiko likajaa watu na kelele. Mpishi alikuwa ameegemea mlango akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi nilitia kidogo tu!" alijitetea Fundi. "Kule kazini natoka jasho. Jasho lina chumvi. Si lazima niirudishe?"

"Mimi nilidhani Mama amesahau," alisema Chiriku. "Na kile kiungo siyo chumvi, Mama. Ni kiungo!"

Bibi hakujitetea. Alikaa kwenye kigoda, sauti yake ikawa ndogo. "Mwanangu anaumwa. Kila siku namwona anakula chakula bila raha. Nikasema, angalau apate ladha. Sasa kumbe nilikuwa namuumiza?"

Kicheko kilikatika. Fundi alichuchumaa mbele ya mama yake. "Si wewe, Mama. Mimi mwenyewe ndiye mgonjwa, na nimenyata kama paka."

Mpishi aliona wakati wake umefika. Aliweka sahani nyeupe mezani.

"Kila mmoja aweke hapa chumvi kama ile aliyotia leo. Msifiche."

Waliweka, mmoja baada ya mwingine. Kikawa kichuguu kizima. Wote wakakitazama.

"Sasa tazameni," alisema Mpishi. Akachota kijiko kimoja cha chai, akakisawazisha kwa kidole. "Mtu mzima asizidishe hiki kwa siku nzima. Siyo kwa mlo mmoja. Na hapo tumehesabu chumvi yote, ya maharage, ya mkate, ya kila anachokula. Mwenye presha inafaa apate pungufu ya hapo."

"Lakini jasho je?" aliuliza Fundi.

"Shemeji, chakula cha kawaida kinakutosha. Ukitoka jasho kunywa maji. Chumvi ikizidi mwilini, inavuta maji kwenye damu, na moyo unasukuma kwa nguvu. Ndiyo presha hiyo."

"Na kiungo changu?" aliuliza Chiriku.

"Soma pakiti. Kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi kuliko vyote."

Chiriku aliisogeza pakiti machoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyamaza. Kisha akasema, "Chumvi."

"Sasa niambieni," alisema Mpishi. "Kati yenu wanne, nani alionja kabla ya kutia?"

Wakatazamana. Hata Mama Chiriku hakuwa ameonja. Kila mmoja alikuwa ametia kwa mazoea, akijua moyoni kwamba chakula hakina chumvi, bila kuuliza ulimi wake.

"Haya, tupike!" alisema Mpishi, akikunja mikono ya blauzi. "Maharage haya hatuyamwagi. Tutayachanganya kidogo kidogo na mengine niliyochemsha kwangu bila chumvi. Nani anakata vitunguu?"

Ghafla kila mtu alitaka kazi. Chiriku alikata vitunguu viwili akilia na kuzungumza. Fundi alitwanga kitunguu saumu na tangawizi kwa nguvu za mtu anayepigilia misumari. Mama Chiriku alinyanyua chupa ya mafuta na kuiinamisha juu ya sufuria.

"Simama hapo!" alisema Mpishi. "Mafuta hayamiminwi kwa chupa. Ukimimina hujui umeweka kiasi gani. Pima kwa kijiko. Vijiko viwili vikubwa vinatosha kabisa."

"Havitaungua vitunguu?"

"Punguza moto, uvipe muda. Vikiungua ni haraka yako, siyo uchache wa mafuta."

Vitunguu vikageuka rangi ya dhahabu. Ikafuata tangawizi na kitunguu saumu, na harufu ikatoka mpaka barabarani. Wakatia nyanya mbichi, nyingi, zikapikwa mpaka zikawa rojo. Kisha karoti, pilipili hoho, na maharage ya Mpishi yaliyochanganywa na machache ya yale yenye chumvi. Mwisho, sufuria iliposhuka motoni, Mpishi alikamua ndimu.

"Ndimu huifanya chumvi kidogo ionekane nyingi," alisema. "Hospitalini hii ndiyo silaha yangu."

"Na chumvi yenyewe tunatia lini?" aliuliza Mama Chiriku.

"Mwishoni, baada ya kuonja. Na itatiwa na mkono mmoja tu. Mchagueni mwenye mkono huo."

Wote walimtazama Mama Chiriku. Lakini yeye alichukua kopo la chumvi, akampa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Mama, lishike wewe. Hakuna anayempenda huyu kuliko wewe. Basi mlinde."

Bibi alilipokea kopo, akalibana kifuani. Akaonja maharage kwa kijiko. Akafumba macho, akaonja tena. Akatia chumvi kidogo sana, akafunga kopo.

"Imetosha," alisema. Na nyumba nzima ikatii.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Siku za kwanza Fundi alitafuna akitazama ukutani. "Sio mabaya," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema ni mabaya. Mpishi alimwambia avumilie, kwa sababu ulimi nao una mazoea yake, na mazoea yanabadilika. Wiki zikapita. Siku moja Fundi alikula mkahawani na wenzake, akarudi nyumbani akinywa maji kama ng'ombe.

"Chakula cha watu kina chumvi jamani!" alilalamika.

Mama Chiriku na Bibi waliangua kicheko. Ulimi ulikuwa umegeuka.

Zahanati walikwenda wote wanne safari hii. Muuguzi alipima. Akapima tena, kuhakikisha. Chumba kizima kilishika pumzi, hata Chiriku.

"Imeshuka," alisema muuguzi. "Imeshuka vizuri. Mmefanya nini?"

Wote wanne walijibu kwa pamoja, kwa hiyo hakusikia chochote.

"Kupanda je?" aliuliza Fundi.

"Panda. Lakini ujifunge mkanda. Dawa usiache hata siku moja bila sisi kukuambia. Na chakula kiendelee hivyo hivyo."

Fundi alitoka mle ndani kama kijana. Siku iliyofuata, mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika, alipanda paa la ukumbi wa shule. Chini walisimama mkewe, binti yake na mama yake, na sufuria kubwa ya maharage kwa ajili ya mafundi. Wenzake Fundi waliketi kwenye mbao na sahani zao. Yeye aligoma kushuka mpaka kofia ya paa ikae sawasawa.

Fundi mmoja mwenye ndevu nyingi alipokea sahani yake. Kabla hata hajashika kijiko, aliingiza mkono mfukoni, akatoa kifuko cha chumvi.

"Weee! Ndevu!" Sauti ilitoka juu kabisa ya paa. Nyundo ilikuwa inamwelekea. "Onja kwanza!"

Ndevu aliganda, mkono hewani. Wenzake walicheka. Kwa aibu akachota maharage kidogo, akaonja. Akatafuna. Akachota mengine, mengi zaidi. Kifuko kikarudi mfukoni chenyewe.

"Mama," alimwambia Bibi akinyoosha sahani aongezewe, "nani katia chumvi humu?"

"Mkono mmoja tu," alijibu Bibi. Akauinua mkono wake juu sana, ili mwanawe auone kutoka kule juu.