Mafiga Chini ya Lori

Soko la Lushoto lilikuwa limefurika siku hiyo. Twaibu, dereva wa lori la mbao kutoka Shume, alipiga hatua nyuma kumpisha mbuzi, akakanyaga kapu la plamu.

"We kaka! Macho umeyaacha kwenu?"

Aligeuka. Msichana alikuwa amevaa blauzi nyeupe na khanga mpya nyekundu, na hasira ilimpendeza, jamani, ilimpendeza kupita kiasi.

"Nisamehe, dada. Nitazinunua zote."

"Hata zilizopondeka?"

"Hata kapu lenyewe."

Msichana akacheka. Basi, kwisha habari ya Twaibu.

Aliitwa Mwanamisi, naye hakuona haya kuuliza lafudhi ile imetoka wapi. Nyasaland, akajibu Twaibu, siku hizi inaitwa Malawi. Anatafuta nyumba ya kununua, ndogo tu, ya uwezo wa mtu wa kawaida. Tangu aondoke kwao alikuwa akilala makambini, mara ya mkonge, mara ya mbao, na kila kambi ilikuwa na bwana wa kumwambia funga virago. Alikuwa amechoka. Alitaka mlango ambao ufunguo wake unakaa mfukoni mwake mwenyewe.

"Ardhi haiuzwi, ni ya taifa," Mwanamisi akamwambia. "Utanunua kuta na bati tu. Tena mgeni hauziwi mpaka apate mwenyeji wa kumsimamia."

"Ndiye ninayemtafuta," akasema Twaibu, macho hayabanduki usoni pake.

"Tazama plamu, kaka."

Shangazi yake Mwanamisi, Bi Hadija, alikuwa na vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la Bakari, na alitaka kuviuza arudi Mlalo kwa wanawe. Ngazi zililia kila ukikanyaga na jiko lilikuwa uani, lakini dirisha lilitazama milima yote ile ya kijani. Twaibu akapenda mara ya pili siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani atakusimamia?"

"Mimi," akadakia Mwanamisi.

Bi Hadija akawatazama wote wawili. "Sitaki mpita njia humu. Nitafikiri."

Akafikiri wiki kadhaa. Wiki hizo simu ya dukani kwa Bakari haikupumzika, Twaibu akipiga kutoka Shume.

"Haloo, laazizi!"

"Usiniite laazizi, duka zima linasikia."

"Haya, haloo, dada Mwanamisi."

"Nani dada yako?"

Siku Bi Hadija alipokubali, Twaibu alipiga kelele ndani ya simu. "Jumamosi nahamia! Mpenzi, nifanyie jambo moja. Nitafutie mafiga matatu, unipangie jikoni kwa mkono wako."

Mwanamisi akalipa duka mgongo, akaukumbatia mkono wa simu.

"Haloo?"

"Unasema kweli, Twaibu?"

"Sasa bila mafiga chungu nitakiweka wapi?"

"Nitayapanga," akajibu, na sauti yake ilitetemeka. Twaibu akadhani ni ubovu wa simu.

Jumamosi akafika na kitanda, sanduku, na stovu mpya ya mafuta ya taa aliyoinunua kimyakimya. Jikoni akayakuta mawe matatu, yameoshwa, yamepangwa vizuri. Akafurahi. Kumbe lori alilipaki kwenye mteremko, na breki zake zilikuwa za kuombea dua. Likaanza kusogea. Twaibu akayang'oa mawe yale, mbio, akayasukumiza chini ya magurudumu.

Hapo ndipo Mwanamisi alipotokea na wanawake wa mtaani, wamejipamba, wanaimba. Wimbo ukakatika. Mwanamisi akatazama magurudumu.

"Ndivyo ulivyoniona?" Akageuka akaenda zake, machozi yanamtoka.

Bi Hadija, aliyekuja na wanawake wale, akampokonya Twaibu ufunguo. "Kambini ndiko kunakokufaa."

"Nimefanya nini?" Twaibu akamuuliza Bakari.

"Una wazimu, bwana? Huku mwanamume akimwomba msichana ampangie mafiga, ameposa. Akiyapanga, amekubali. Ukiyang'oa, umemwacha!"

"Nimeposa?" Twaibu akauliza. Halafu, nawaambieni, furaha ilimfika kabla ya aibu. "Na amekubali?"

"Alikubali!"

"Bakari ndugu yangu, lishikilie lori!"

Akayachomoa mawe, moja kichwani, mawili kwapani, akakatiza soko zima huku watu wakimzomea. Akayatua mbele ya Mwanamisi, penye kapu lake la plamu.

"Mara ile niliomba kwa ujinga. Sasa naomba nikiwa na akili zangu. Nipangie mafiga, Mwanamisi. Bila wewe kuta zile sizitaki."

"Na uliyang'oa kwa nini?"

"Lori lilikuwa linaondoka! Tena nimekununulia stovu, moshi usije ukakuumiza macho."

"Stovu? Mbona hukusema kwenye simu?"

"Duka zima linasikia."

Mwanamisi akajitahidi kununa, akashindwa. Akagusa jiwe moja. "Hili lina grisi."

"Nitalisugua."

"Utayasugua yote."

Bi Hadija, aliyekuwa amemfuata mpwawe, akautupa ufunguo ndani ya kapu la plamu. "Kuta zake, mafiga yako. Mkigombana msinifuate Mlalo."

Mwanamisi akauokota ufunguo, akaufuta kwa khanga, kisha akashtuka. "Na lori sasa limezuiwa na nini?"

Kutoka juu ya mteremko sauti ya Bakari ikajibu kwa niaba ya Twaibu: "Twaibuuu! Mgongo wangu!"

Mwanamisi akajitwika jiwe moja, akashika njia mbele, ufunguo mkononi.

"Kimbia," akasema, "mume wangu."