Mzio: Hakuna

Maiti ilikuwa bado na joto Inspekta alipoingia wodini. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, uso umevimba, midomo imegeuka zambarau. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake, na wengine makovu ya fimbo yake bado wanayo.

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa benchini, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Ulimchoma nini?"

"Penisilini, afande. Alikuwa na kidonda kibaya mguuni, homa imepanda, anaweweseka. Jirani aliyemleta hakujua lolote."

"Ukamchoma bila kuuliza?"

"Nilisoma kadi yake. Ile ya shingoni. Ina msimbo wa QR. Ukiuelekezea kamera ya simu unafungua ukurasa wa habari zake za afya. Umeandikwa: mzio, hakuna. Dakika kumi baadaye akakata roho."

Inspekta alitoa simu yake. Ukurasa ukafunguka. *Mzio wa dawa: hakuna. Ndugu wa karibu: mdogo wake.* Chini, namba ya simu.

Kadi ilikuwa nene kidogo upande mmoja. Alipitisha ukucha pembeni, stika ikainuka. Chini yake palikuwa na stika nyingine, yenye msimbo mwingine.

Akausoma nao kwa simu. Ukurasa wa pili ulifanana na wa kwanza kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa mistari miwili. *Mzio wa dawa: penisilini, ni hatari ya kifo. Ndugu wa karibu: hana. Mtumishi wa nyumbani:* na namba ile ile.

"Kanawe uso," alimwambia muuguzi. "Ila usitoke mjini."

Duka la uchapaji lililokuwa karibu na nyumba ya marehemu lilikuwa moja tu. Mchapaji, mtu mwembamba mwenye wino kwenye kucha, aliitambua kadi kabla hajaipokea.

"Hii kazi si uganga, afande. Unanakili anwani ya ukurasa, unaibandika kwenye programu, inakutolea msimbo, unachapa. Ule wa kwanza nilimfundisha mimi."

"Ulimfundisha nani?"

"Yule mama anayeishi na mwalimu. Alitumwa akiwa na anwani kwenye karatasi. Nikamwambia, kabla hujabandika popote, jaribu kwanza kwa simu yako. Akajaribu. Akasoma. Akarudia kusoma. Basi akakaa pale kwenye stuli, robo saa nzima."

"Na huu wa juu?"

"Baada ya wiki tatu alirudi na anwani nyingine. Nikataka kumsaidia, akasema anajua. Kweli alijua."

Jioni maabara ikaleta majibu. Kwenye gundi, kati ya stika mbili, palikuwa na alama ya kidole gumba. Ilikuwa ya mwanamke aliyeishi na marehemu.

Alikuwa na miaka hamsini hivi, mikono imepasuka kwa sabuni. Aliketi mbele ya Inspekta kama mtu aliyechoka kusubiri foleni.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Inategemea umesoma ukurasa upi."

"Nakuuliza wewe."

"Baba yetu mmoja, mama mbalimbali. Mama yangu alikuwa mpishi wa nyumba yao. Dada alipopooza upande mmoja, aliniita. Nikaacha kibanda changu cha kushona, nikaenda. Miaka kumi na moja. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemgeuza kitandani. Wageni wakija nahudumia, halafu nakula jikoni. Nilisema ni ukali wake tu, moyoni ananijua."

"Ndipo ukausoma ukurasa."

"Alimpa mtu mwingine auandike ili nisione. Akasahau kwamba msimbo hujaribiwa."

"Ulijua penisilini itamuua?"

"Nilikuwepo ilipokaribia kumuua mara ya kwanza. Nani alimkimbiza hospitali, unadhani?"

"Kwa hiyo ulimuua."

"Sikumgusa. Niliunakili ukurasa, nikaandika neno moja, nikaiachia siku ifike yenyewe. Leo nilipokwenda sokoni jirani akampeleka hospitali; siku ikawa imefika."

Inspekta aliandika, kisha kalamu ikasimama.

"Kama usingebadilisha mstari wa ndugu, nisingejua sababu yako. Kwa nini uliugusa?"

Mwanamke alitazama viganja vyake.

"Nilitaka undugu wangu uandikwe mahali. Hata pa uongo."

Akasaini maelezo yake, polepole, jina zima pamoja na la baba. Alipoinuka kupelekwa mahabusu aligeuka mlangoni.

"Afande, atazikwa na nani?"

"Hakuna ndugu mwingine?"

"Hana," alisema. "Alikuwa na mimi tu."