Methusela na Mahindi Yenye Milia

Praxeda alikuwa akikuna nazi barazani. Mumewe, Methusela, alikuwa akinoa jembe. Mvua za masika zilikaribia, na pale Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kila mtu alikuwa akisafisha shamba.

"Edgar amesema tusichelewe," Praxeda alisema. "Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, sote tupande pamoja."

Methusela aliendelea kunoa. Edgar alikuwa bwana shamba mpya. Kila Jumatano alivuka kwa pantoni na pikipiki yake, akaenda shambani kwa jirani yao, Bi Mwatima. Huko wakulima walikutana kujifunza. Wengi wao walikuwa wanawake, na Praxeda hakukosa hata mara moja.

"Edgar amesema pia tupande mbegu inayofaa pwani. Iko moja inaitwa Staha. Inavumilia ugonjwa wa milia, tena hukomaa mapema."

"Edgar, Edgar," Methusela alisema. "Kwani nyumba hii ina wanaume wangapi?"

Praxeda aliacha kukuna. Akamtazama mumewe, kisha akaendelea na kazi yake.

Methusela alizaliwa Lushoto. Alishuka pwani kukata mkonge, akaoa, akabaki kulima. Kaka yake alikuwa amemletea mbegu ya mahindi ya kule milimani.

"Mimi nitapanda hii ya kwetu," alisema. "Wewe panda ya Edgar wako, kule kwenye minazi."

Basi shamba likagawanywa. Mvua ya kwanza iliponyesha, Praxeda alipanda Staha. Methusela alikaa tu. Hakutaka aonekane anafuata amri za kijana wa pikipiki. Alipanda baadaye, wenzake walipokuwa wameanza kupalilia.

Mahindi yake yalipofika magotini, majani yalibadilika. Mistari myeupe iliyokatikakatika ilifuata urefu wa jani. Alidhani yana njaa, akatia mbolea. Hayakupona. Akanyunyiza dawa ya wadudu. Milia ikazidi. Na chakula cha watoto cha mwaka mzima kilitegemea shamba lile.

Upande wa pili, mahindi ya Praxeda yalikuwa kijani kibichi. Kila asubuhi Methusela aliyatazama, na roho ikamuuma. Hakujua kama kinachomuuma ni mahindi yenyewe au ni yule kijana aliyeyasifu.

Jumatano moja alirudi nyumbani asimkute mkewe.

"Mama yuko shambani na bwana shamba," binti yao Brightness alimwambia.

Methusela alichukua panga, akaondoka bila kuaga. Aliikuta pikipiki karibu na minazi. Katikati ya mahindi aliona migongo miwili imeinama. Vichwa vyao vilikaribiana.

"Mnatafuta nini huko chini?" aliuliza.

Edgar aliinuka. Akalitazama panga. "Shikamoo, Baba Brightness."

Methusela hakuitikia. Mara Bi Mwatima akainuka kutoka mstari wa nyuma, na wanawake wengine watatu pamoja naye. Wote walikuwa wameshika majani ya mahindi.

"Mwanangu, salamu huitikiwa," alisema yule mama. "Leo tunajifunzia shambani kwenu. Weka panga chini, uje umwone anayekula jasho lako."

Methusela aliona aibu. "Marahaba," alisema taratibu, akaliweka panga chini.

Edgar aligeuza jani. Vidudu vidogo sana viliruka.

"Hawa hufyonza maji ya mmea unaoumwa," alieleza. "Kisha hurukia mmea mzima na kuuambukiza milia."

"Mbona nimenyunyiza dawa?"

"Dawa huua baadhi ya wadudu tu. Mmea ukishaugua hauponi. Ukiugua ungali mchanga, hauzai kitu. Ung'oe mapema, uutoe shambani. Ng'oa na nyasi, maana wadudu hawa hukaa humo."

"Na haya ya mke wangu, mbona hayaumwi?"

"Yanaumwa kidogo. Ona milia hii. Lakini Staha inavumilia. Tena yalipandwa mapema. Wadudu walipokuwa wengi, yalikuwa yameshapata nguvu."

"Kwa hiyo mbegu ya kwetu ni mbovu?"

"Hapana. Kule kwenye baridi ni nzuri sana. Lakini koti la Lushoto, ukilivaa Pangani mchana, si utatoka jasho tu?"

Wanawake walicheka. Hata Methusela alitabasamu kidogo.

Wengine walipoondoka, mume na mke walianza kung'oa mimea iliyougua.

"Unampenda yule kijana?" Methusela aliuliza bila kuinua uso.

"Nimpende kwa lipi?" Praxeda alijibu. "Haya ya kupanda mapema nilikwambia mwaka juzi, kabla Edgar hajaja. Ukasema mwanamke hajui mvua. Basi nikaanza kusema, 'Edgar amesema.' Nilidhani neno la mwanamume utalisikia."

Methusela alisimama na mmea mkononi.

"Nisamehe, Mama Brightness," alisema mwishowe.

"Ng'oa na ule pale," Praxeda alisema.

Mwaka ule upande wa Methusela ulitoa mahindi machache. Upande wa Praxeda ndio uliowalisha. Masika yaliyofuata walipanda Staha shamba zima, mvua ya kwanza tu, pamoja na majirani. Kila wiki walipita shambani wote wawili. Walipoona mmea wenye milia, waliung'oa. Jumatano Methusela naye alikwenda kwa Bi Mwatima. Huko alijifunza kwamba mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu, lakini Staha si chotara, na mkulima anaweza kuchagua mbegu yake mwenyewe kwa misimu michache. Basi wakati wa kuvuna walichagua mahindi kutoka mimea yenye afya, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya majirani, wakayakausha vizuri. Ghala lilijaa.

Siku moja alikuja mkulima kutoka Mkwaja, jina lake Safari.

"Namtafuta Praxeda," alisema. "Nimesikia hapa hakuna anayeyajua mahindi kumshinda yeye."

Praxeda alimkaribisha, akaanza kumweleza. Safari alimsikiliza kwa makini, akitabasamu. Wivu ukampanda Methusela. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakaa karibu kabisa na mkewe, na yeye akasikiliza.