Baridi Ndani ya Nyumba ya Vioo

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Alhamisi moja ya Januari, Nasima alifungua kufuli la nyumba yake ya vioo nyuma ya makazi yao huko Brooklyn Park, Minnesota, akakuta mimea yake imekufa.

Mindimu na mipera aliyoilea tangu mbegu ilisimama imevaa barafu. Majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Nasima hakulia. Alitoa simu.

Kwenye mndimu mkubwa kilining'inia kipimajoto kidogo kilichopeleka habari kwenye simu hiyo. Baridi ikizidi, simu hulia. Usiku kucha haikulia. Sasa ilimwonyesha nyuzi sitini na mbili za Fahrenheit, joto la chumbani, na huku pumzi yake inatoka moshi. Akatazama tena: hamsini na tano. Kisha arobaini na nane.

Akakishika kipimajoto chenyewe. Kamba iliyokibeba ilikuwa nyeupe kwa barafu. Chenyewe kilikuwa kikavu.

Mumewe, Harun, aliingia, harufu ya udi ikimtangulia. Alikuwa nje akipasha gari moto, aende kufungua duka lake la kanzu na manukato kule Frogtown.

"Inna lillahi! Gesi imekwisha hiyo."

Nasima aliuinamisha mtungi wa gesi ya hita. Ulikuwa mzito. Akaigusa koki.

"Haikwisha. Imefungwa, na mkono wa mtu."

"Mama Sumayya, hapa ni Minnesota. Ndimu si za huku. Umezila, shukuru Mungu, achana nazo."

"Siachani na kitu. Na huyo mtu nitamjua leo."

Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: mmoja alikuwa nao yeye, mmoja ulitundikwa jikoni, wa tatu alikuwa nao rafiki yake Kendi, muuguzi, aliyewamwagilia mimea walipokwenda Mombasa. Lakini Nasima alianza na jirani, Duncan, aliyegombana naye juu ya taa za mimea.

Duncan alifungua mlango akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Ulisema taa zangu utakuja kuzizima mwenyewe," Nasima alimwambia.

"Nilisema, na nasema tena. Hiyo rangi ya zambarau inamulika mpaka kitandani kwangu. Kwani kumetokea nini?"

"Mtu amezima hita. Mimea yote imeungua kwa baridi."

Duncan alishusha kikombe. "Pole, Mama Sumayya. Lakini taa ziliwaka usiku mzima, niulize mimi niliyekosa usingizi. Ningeingia humo, si ningeanza na taa?"

Nasima alimwacha mlangoni. Alikwenda kwa Kendi, akamkuta anashuka garini na sare za kazi.

"Ufunguo wangu uko wapi?"

Kendi aliutoa kwenye dashibodi. Aliposikia habari, uso ulimbadilika. "Unani-suspect mimi? Kwa sababu ulininyima mche wa mpera?"

"Ulikasirika."

"Nilikasirika, ndiyo! Lakini usiku huu nilikuwa wodini, piga simu uulize. Halafu tumia akili basi: kama ningekichukua hicho kidude chako, si simu ingelia? Unakumbuka siku ile nilikisahau mfukoni? Sijafika kwa kona, ukanipigia ukifoka kwamba kimepotea hewani."

Nasima aliitazama tena simu.

"Usiku simu haikupoteza kitu," alisema polepole. "Ilionyesha joto zuri tu."

"Basi hakikutoka kwako. Kililala mahali pa joto, hapo hapo kwako."

Nasima alikitoa kipimajoto mkobani. Kilikuwa kimepata joto la gari, na sasa kilinukia. Alikipeleka puani mara moja tu.

"Nisamehe, Kendi."

"Ni nani?"

"Ukipona hata mpera mmoja, mche wa kwanza ni wako," alisema Nasima, akawasha gari.

Dukani kwa Harun hakukuwa na mteja. Nasima alikiweka kipimajoto juu ya kaunta.

"Nusa."

Harun alikitazama tu.

"Asubuhi kilikuwa kwenye mti, wala hakikuwa na barafu. Mtu alikirudisha muda mfupi kabla yangu, na wewe ulikuwa nje. Usiku kucha kilikuwa ndani ya nyumba yetu, Harun. Na kinanuka udi. Wapi?"

"Mfukoni mwa koti langu," alisema hatimaye. "Kabatini."

"Kwa nini?"

"Nyumba ya Mtwapa imeezekwa. Tuliahidiana tutarudi kwetu pwani. Kila baridi ulikuwa ukilia, wataka kwenu, nami nikijenga kwa ajili ya machozi yako. Kisha hiyo miti ikazaa. Hukulia tena. Juzi nakuuliza tukate tiketi lini, wanijibu mipera ina maua. Maua, Nasima!"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Mtu huulizwa ili aweze kukataa." Alikisukuma kipimajoto kuelekea kwake. "Ukasimama mbele ya maiti zangu ukaniambia gesi imekwisha. Ukaniacha niende kumtukana Kendi."

"Nilidhani utachoka."

"Nenda Mtwapa ukitaka. Mimi siku nikienda nitakwenda kwa hiari yangu, sifukuzwi na baridi uliyoniletea wewe, mume wangu."

Nyumbani aliwasha hita, akavua glavu, akaanza kukwaruza magome kwa ukucha. Mindimu ilikuwa kahawia mpaka chini, yote. Mpera wa kwanza, vivyo hivyo. Alipiga magoti kwenye wa pili, akakwaruza, akashuka, akakwaruza tena. Karibu na udongo gome lilifunguka likiwa kijani, bichi, na maji yake.

Alichukua msumeno akakata kila kilichokufa juu ya hapo. Kisha akaingia chumbani, akaling'oa kitandani lile blanketi zito la watu wawili, akatoka nalo, akakizungushia kisiki.

Harun alirudi mapema. Alisimama nje ya kioo muda mrefu kabla ya kufungua mlango.

"Nasima, hilo ndilo blanketi letu. Usiku tutajifunika nini?"

"Utajijua," alisema Nasima, akakaza fundo.