Seva Iliyosubiri Diski

"Ng'oa!"

Amri ilikuwa neno moja tu redioni, na Bundi akaitii. Alichomoa kwenye seva ya idara ya ujasusi diski yenye majina ya wapashaji habari wake, akaruka dirishani huku magaidi wa magendo ya silaha wakivunja mlango.

Wakamfuata. Akawapoteza.

Sasa alikuwa uchochoroni, bastola ya Glock kiunoni, magoti yakimuuma, diski ameshaiponda kwa tofali. Amechoka, jamani. Amechoka hadi kwenye mifupa.

Redio ikakoroma.

"Bundi, ni Fundi. Nimeshuka darini nilikojificha. Walikata umeme, nimeurudisha. Seva imegoma kuwaka."

Seva hiyo pekee ndiyo ilisoma kifaa cha kuonyesha mahali kilichoshonwa kwenye mkanda wa shemeji yake, kaka wa mkewe. Idara ilimpandikiza kwa magaidi apeleleze, asubuhi hii wamemgundua, wamemtupa ndani ya lori. Lori gani? Njia ipi?

"Inasemaje?"

"Imesubiri diski weee, mwisho ikaniacha kwenye hali ya dharura. Unayo?"

Bundi akatazama makombo.

"Nimeisaga."

Akaibana redio mdomoni.

"Fundi, nimemuua shemeji yangu?"

"Acha hizo! Linux yenyewe, mfumo unaoiendesha seva, iko diski nyingine. Hii umeiondoa, lakini bado imeandikwa kwenye faili la fstab, orodha ya diski za kufunguliwa, kwa hiyo mashine inaitafuta kila ikiwaka. Sote tulifundishwa kung'oa na kukimbia. Kufuta mstari, nani alitufundisha?"

"Basi futa, dada!"

"Naweka alama ya reli, ile #, mwanzoni mwa mstari, urukwe. Tayari. Naiwasha upya."

Bundi aliegemea ukuta. Angemwambia nini mkewe?

"Imewaka! Barabara ya viwandani, anakuja upande wako!"

Lori la buluu likakata kona. Bundi akaingia katikati ya barabara, akalenga tairi.

Paa!

Tairi likapasuka. Dereva akashuka mikono juu, Bundi akamfunga pingu. Nyuma kulikuwa na masanduku ya bunduki, na shemeji amefungwa kamba, uso umevimba.

"Umechelewa, shemeji."

"Seva iligoma."

"Diski ya majina?"

"Makombo. Nakala hakuna."

"Jina langu lilikuwamo?"

"Lilikuwamo."

Shemeji akaketi juu ya sanduku, machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo idara hainijui tena?"

"Haikujui. Nenda nyumbani, dada yako anakungoja."

"Na wewe?"

Bundi alirudisha bastola kiunoni, akaanza kuondoka polepole.

"Langu halikuwamo. Mimi idara bado inanijua."