Taa Isiyotikisika

Taa ya pikipiki inayopanda njia ya mawe haitulii. Huruka, huinama, humulika mbingu kisha hurudi kumulika tairi lake lenyewe, kama mlevi anayetafuta ufunguo. Cheche alilijua hilo kwa miaka mingi ya kupanda milima na kuangushwa nayo. Ndiyo maana jioni ile, aliposimama njia panda na kuiona taa moja ikija kutoka chini ndani ya ukungu, ikipita juu ya mawe yaleyale yaliyokuwa karibu kumng'oa meno, nayo haitikisiki hata kidogo, moyo wake ulimwambia asubiri. Hakusubiri.

Walikuwa watatu, na safari ile ilikuwa yao ya kila mwaka: mahema yamefungwa nyuma ya pikipiki, njia za milimani ambazo gari halithubutu, usiku mmoja juu huko, kisha kurudi nyumbani wakinuka moshi. Mbele alikuwa Mfamasia, mtu mpole mwenye duka la dawa, aliyeendesha pikipiki kama anavyohesabu vidonge. Katikati alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake na pia kwa hasira zake. Nyuma kabisa alikuja Kinyozi, mdogo wake mke wa Cheche, mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko cha kuamsha jirani, asiyeweza kuona kichwa cha mtu bila kukitolea hukumu. Asubuhi ile dada mtu alimkabidhi mlangoni.

"Ndugu yangu ni huyo mmoja tu," alimwambia mumewe. "Ulivyomchukua ndivyo umrudishe."

"Kwani namkopa?" Cheche alijibu, na wote wakacheka.

Sheria ya msafara wao ilikuwa fupi: anayekunja husubiri. Ukifika njia panda ukakunja, unasimama hapo mpaka wa nyuma yako akufikie na kunyanyua mkono. Si taa, mkono. Ukungu wa kule ulikuwa na tabia ya kufananisha vitu, na pale njia panda kosa halikuwa dogo. Kushoto palikuwa na uwanda wa kupigia mahema. Kulia njia ilikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi, ikakatika ghafla kwenye korongo.

Sasa, kwa nini mtu aliyeijua sheria hiyo kama jina lake aivunje? Hapa ndipo penye aibu yenyewe. Mchana, walipovuka kijito, Cheche alipiga mwereka majini mbele ya wenzake, miguu juu, kofia ngumu imejaa maji. Kinyozi alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki yake.

"Shem! Ulikuwa unaoga au unavua samaki?" alisema, huku akimpiga picha. "Hii dada ataitundika sebuleni!"

Cheche alicheka kwa midomo tu. Njia nzima iliyobaki alipanda akiwa amelowa, meno yanagongana, na kicheko kile kinamkwaruza. Alipofika njia panda alimkuta Mfamasia akimsubiri kama inavyotakiwa; akanyanyua mkono, Mfamasia akaendelea. Zamu ikawa yake. Alisimama, baridi ikamwingia mifupani, taa ile ikatokea, na mtu mzima na ndevu zake akajiambia moyoni: si huyo anakuja? Acha apotee kidogo, akome. Akatia gia akaondoka.

Taa ilimfuata mpaka uwandani. Aliiona kwenye kioo cha pembeni, tulivu, haikaribii wala haibaki nyuma. Akajifariji kwamba hakuna lililoharibika.

Mfamasia alikuwa ameshawasha moto na kuinjika chai. Pikipiki ya tatu iliingia bila sauti ya kupunguza gia, ikasimama, na aliyeiendesha akashuka na kuja kuketi upande wa pili wa moto. Alikuwa na koti la Kinyozi. Skafu ilimfunika mpaka puani.

"Umechelewa, bwana," alisema Mfamasia.

"Baridi," alijibu yule. Sauti ilikuwa ya Kinyozi, lakini nyembamba, kama inapita kwenye bomba.

Cheche alikwenda kwenye pikipiki ile kupasha mikono joto kwenye bomba la moshi, kama alivyozoea kila wanaposimama. Bomba lilikuwa baridi. Halikuwa la uvuguvugu, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akashusha tochi kwenye chuma cha kubebea mizigo, ambacho yeye mwenyewe alikichomelea karakanani kwake, mshono mbaya kidogo upande wa kushoto kwa sababu siku hiyo umeme ulikuwa unakatika. Hapakuwa na mshono. Vyuma vilikuwa vimeungana kama vidole na kiganja, kana kwamba viliota hivyo. Na pale kwenye kiti palinuka moto uliozimwa kwa maji.

Alirudi kwenye moto akakaa, na macho yale juu ya skafu yalikuwa yakimtazama tangu mwanzo.

"Shemeji," lilisema lile jitu kwa upole. "Pale njia panda, ulinisubiri?"

Wewe ungesema nini? Kusema kweli ilikuwa rahisi: huyu si Kinyozi, twende tukamtafute mwenyewe. Lakini Mfamasia angeuliza, umejuaje? Kwani hukuuona mkono wake? Na jibu la swali hilo lilimkaa Cheche kooni kama mwiba wa samaki.

"Nilikusubiri," alisema.

Yule akateremsha skafu akatabasamu. Pengo la meno lilikuwapo. Cheche angeapa kwamba kabla ya hapo, chini ya kitambaa kile, palikuwa laini kama paja la mtoto, hapana mdomo wa kuwa na pengo.

Ndipo honi ikasikika. Ilitoka mbali, upande wa machimbo, ndefu, ikanyamaza, ikaja tena. Mfamasia akainua kichwa, kikombe mkononi.

"Mmesikia?"

"Mimi sijasikia kitu," lilisema lile jitu. "Wewe umesikia, shemeji?"

Honi ikalia tena. Cheche aliitambua, yeye ndiye aliyeifunga kwenye pikipiki ya Kinyozi.

"Sijasikia," alisema. "Labda ndege wa usiku."

Kicheko kikatoka ng'ambo ya moto, kicheko chenyewe kabisa cha kuamsha jirani, na kule machimboni honi ikadhoofika, kama mtu aliyenyang'anywa pumzi kidogo. Mfamasia akatabasamu kwa kusikia kicheko alichokizoea.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani leo umeugua. Hata kichwa changu hujakisema."

"Kichwa chako," lilisema lile jitu, likikitazama taratibu, "kina nywele laini nyuma ya masikio."

Mfamasia alicheka, lakini alijifunika kofia. Akasema anakwenda kuchota maji kisimani, palepale nyuma ya mahema, na akawaacha wawili.

Sasa Cheche alielewa, na kuelewa kwake ndiko kulikomtia baridi kuliko nguo zilizolowa: kwamba kile kitu kilikuja hakina uso, na kila uongo aliousema ulikuwa unakijengea uso, pengo kwanza, kicheko baadaye, na kila kinachoongezeka hapa motoni kinapungua kule machimboni ambako mtoto wa watu alikuwa amelala akibonyeza honi kwa kidole kilichoanza kuchoka, akiamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoamini, kwamba shemeji yake alikuwa amesimama njia panda anamsubiri.

"Bado moja," lilinong'ona, likiinama juu ya moto bila ndimi za moto kuligusa. "Kesho dada ataniuliza safari ilikuwaje. Tutamwambia pamoja. Utasema ulinisubiri, na mimi nitasema nilinyanyua mkono. Si ndiyo, shemeji? Nani ataumia? Atapata ndugu, na wewe utabaki na heshima yako."

Na jambo ambalo Cheche hatalisahau mpaka anaingia kaburini si macho yale, wala harufu ile. Ni kwamba alilifikiria. Kwa muda wa kumeza mate, alilipima neno hilo akaona linafaa.

Honi ilikuwa haisikiki tena.

Mfamasia akarudi na ndoo. Cheche akasimama, na maneno yakamtoka kama matapishi. "Sikumsubiri! Pale njia panda sikumsubiri, niliona taa nikaondoka. Sikuona mkono. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya picha. Huyu siye, wallahi huyu siye!"

Moto ukalala chini wote kwa pamoja, kama umekanyagwa. Palipokuwa na Kinyozi palibaki koti limesimama lenyewe bila mtu, kisha nalo likaporomoka, na walipolimulika halikuwa koti, lilikuwa rundo la majivu mabichi. Mahali pa pikipiki ya tatu nyasi hazikuwa zimelala.

Mfamasia, ambaye bibi yake alikuwa mganga na yeye hapendi kulisema hilo mbele ya wateja, alisoma dua aliyoikumbuka na kumwaga ile ndoo kuzunguka mahema. Hakumtukana Cheche. Alimtazama tu, mara moja, kisha akavaa kofia yake ngumu. Cheche angependelea kofi.

Walimkuta kwenye ukingo wa machimbo, mguu umebanwa chini ya pikipiki, midomo imebadilika rangi, dole gumba bado liko kwenye kitufe cha honi iliyokwisha betri. Alikuwa hai. Walipomwinua alilia kidogo, kisha akajaribu kucheka, lakini kicheko kilichelewa kuja.

"Nimekuwa nikisahau vitu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa napiga honi huku nasahau. Nimesahau hata dada anacheka vipi." Halafu akamshika Cheche mkono. "Nisamehe, shem. Ulikuwa unanisubiri pale, na mimi kipofu nikapitiliza. Nimekuharibia safari."

Cheche alifungua mdomo. Mfamasia alisimama akishika tochi, anangoja. Yule kijana alikuwa anatetemeka, mguu umevunjika, na Cheche akajiambia si wakati wake, tumshushe kwanza. Wakamshusha.

"Mimi sitasema neno," Mfamasia alimwambia hospitalini, wakiwa kwenye benchi la korido. "Bibi yangu alikuwa akisema jini havunji mlango. Husubiri afunguliwe. Wewe umeufunga kwa ulimi wako, basi usije ukaufungua kwa ulimi huohuo. Kamwambie mkeo mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nimesema nitamwambia."

Kinyozi aliletwa nyumbani kwa dada yake, mguu ndani ya plasta, akalazwa chumba cha nyuma. Jioni ilikuwa inaingia. Alikuwa ameanza kurudi kuwa yeye mwenyewe: kutoka jikoni walimsikia akimwambia mtoto wa jirani aliyekuja kumpa pole kwamba kichwa hicho kilinyolewa na adui. Dada mtu alicheka huku anafuta machozi kwa pembe ya kanga. Akamsogezea mumewe chai, akaketi mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mfamasia kaniambia utanieleza mwenyewe ilivyokuwa," alisema. "Na mdogo wangu huko ndani anajilaumu tu. Anasema ulimsubiri. Mimi sina neno, mume wangu. Nataka tu kusikia kwako. Maana kama si wewe, leo ningekuwa nazika."

Kama si wewe. Cheche aliitazama mikono ile iliyoshika yake. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kutazamwa kwa macho yale, hata siku ya harusi. Alijua neno la kusema. Alikuwa nalo mdomoni, zito, liko tayari. Aibu ikapanda kutoka tumboni, ikalifika lile neno, ikalizima.

"Nilimsubiri," alisema. "Nilimsubiri sana. Yeye ndiye aliyepitiliza."

Mkewe akainama akaibusu mikono yake.

Kutoka nje, kwenye njia ya mawe inayopanda mpaka nyumbani kwao, mwanga mmoja ukaingia kupitia dirisha la jikoni ukatua ukutani, juu ya rafu ya vikombe. Cheche aliutazama. Aliungoja ucheze, uruke hata kidogo, kama taa ya mtu yeyote anayepita juu ya mawe yale. Haukutikisika. Pakanuka moto uliozimwa kwa maji.

Chumba cha nyuma Kinyozi alikuwa katikati ya kicheko, na kicheko kikakatika.

"Hodi, shemeji," sauti ikaita mlangoni, changamfu, haikosi kitu.

"Jamani, nani tena huyo kama ndugu yangu?" alisema mkewe, akiinuka huku akijipangusa macho. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, na hodi haikataliwi, akajibu kabla Cheche hajapata sauti.

"Karibu!"